Wamezima, Lakini Nani? Kisa cha Kuzimwa kwa Runinga Nairobi, Januari 2018

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 30 Januari 2018, nilikuwa nimeketi kwa kinyozi mmoja wa Kawangware, upande mmoja wa kichwa ukiwa umeshanyolewa na wa pili ukisubiri zamu yake. Mimi na wateja wengine wanne tulikuwa tumekodolea macho runinga ndogo iliyotundikwa juu ya kioo. Citizen ilikuwa ikionyesha watu wakimiminika Uhuru Park, ambako hayati Raila Odinga alitarajiwa kula kiapo kama “rais wa wananchi”. Ghafla picha ikakwama, ikakatikakatika vipande vya miraba kama inavyokuwa king'amuzi kinapokosa mawimbi, kisha pakawa giza. Kinyozi alizima mashine yake, akachukua rimoti, akaenda NTV: giza. KTN: giza. KBC, runinga ya serikali, ilikuwapo, ikiendelea na ratiba yake kana kwamba hiyo ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine. Akairudisha rimoti kabatini, akasema neno moja tu, “Wamezima,” kisha akanirudia kichwani.

Hakuna aliyeuliza ni kina nani. Kiswahili kinatupa nafasi hiyo: kiambishi kimoja, *wa-*, kinatosha kumtaja mtendaji bila kumtaja, na kila aliyekuwa mle chumbani alijua, au alidhani anajua, kiambishi hicho kinamwelekea nani. Miaka iliyofuata, nilipoanza kukifundisha kisa hiki kwa wanafunzi wa sheria na maadili ya uanahabari hapa Nairobi, nilitambua kwamba neno la kinyozi lilibeba tatizo lote la kisheria. Runinga kubwa zaidi za nchi zilizimwa, na asubuhi ile hapakuwa na waraka wowote uliotangazwa kwa umma wenye jina la aliyeamuru, sheria aliyoitumia na sababu iliyomsukuma. Uchambuzi huu unafuatilia kiambishi hicho: ni nani aliyejificha nyuma yake, alijificha vipi, na kwa nini ukosefu wa karatasi ni jambo zito kuliko linavyoonekana.

Kabla ya kuingia katika matukio, ni vyema kulitazama neno “udhibiti”, ambalo kwa wasomaji wa Kiswahili linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Tunalitumia kwa kazi halali ya kugawa masafa, kutoa leseni na kuweka viwango, na tunalitumia vilevile kwa kazi ya kukata, kufuta na kunyamazisha. Wanafunzi wangu hulalamika kwamba huu ni upungufu wa lugha. Mimi naona kwamba lugha imesema kweli bila kukusudia, kwa sababu katika kisa hiki mkono uliopewa mamlaka ya kugawa mawimbi ndio ulioyakata, na ulitumia vifaa vilevile. Katika maandishi haya nitaita kazi ya kwanza usimamizi, na neno udhibiti nitaliachia kazi ya pili.

Siku kumi

Chanzo cha mzozo kinajulikana. Uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti 2017 ulibatilishwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba. Uchaguzi wa marudio ukafanyika tarehe 26 Oktoba huku Odinga akiususia, na Uhuru Kenyatta akaapishwa Kasarani tarehe 28 Novemba. Upinzani ukatangaza kiapo chake wenyewe, kwanza kwa ajili ya Desemba, kisha ukakisogeza hadi Januari. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Githu Muigai, alikuwa ameonya kwamba kiapo cha namna hiyo ni uhaini.

Tarehe 29 Januari, siku moja kabla ya tukio, mwenyekiti wa Chama cha Wahariri Kenya, Linus Kaikai, alitoa taarifa ya kulalamika kwamba wakuu wa vyombo vya habari walikuwa wameitwa Ikulu na kuonywa wasirushe tukio hilo moja kwa moja, na kwamba waliambiwa vituo vyao vingezimwa iwapo wangekaidi. Taarifa hiyo huwa nawapa wanafunzi kama kielelezo cha kwanza, kwa sababu ndiyo karatasi ya kwanza katika faili la kisa hiki, na imeandikwa na walioonywa. Aliyeonya hakuandika.

Asubuhi ya tarehe 30, Citizen, NTV na KTN, pamoja na Inooro inayotangaza kwa Kikuyu na ambayo ni ndugu ya Citizen, zilitoweka hewani. Maafisa walifika kwenye mitambo ya kurushia matangazo iliyoko Limuru, nje kidogo ya jiji, na kuizima. Uhuru Park kwenyewe polisi walikuwa wameondoka. Umati ukajaa, ukasubiri jua likiwaka, ukashuhudia kiapo kifupi mchana na ukatawanyika. Hapa pana jambo ambalo huwa nawataka wanafunzi wasilipite mbio. Serikali iliuachia mkutano wenyewe nafasi ya kufanyika, na ikakataza picha zake. Maelfu waliokuwa kwenye nyasi hawakuchukuliwa kuwa hatari siku ile. Aliyechukuliwa kuwa hatari alikuwa mtu aliyeketi kwa kinyozi.

Kesho yake, tarehe 31, Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, alijitokeza na kusema kwamba vituo vitaendelea kuwa gizani hadi uchunguzi ukamilike, na kwamba wamiliki na wafanyakazi wa vyombo hivyo walikuwa washirika katika jambo lililotishia usalama wa nchi. Usiku huo wanahabari watatu wa NTV, Kaikai akiwa mmoja wao, walilala katika chumba cha habari pale Nation Centre, barabara ya Kimathi, kwa kuhofia kukamatwa na polisi waliokuwa wakisubiri nje.

Tarehe 1 Februari, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alitoa amri ya muda ya kusimamisha uzimaji huo na kuagiza vituo virudishwe hewani wakati ombi lililowasilishwa na mwanaharakati Okiya Omtatah likisubiri kusikilizwa. Amri haikutekelezwa siku hiyo, wala kesho yake, wala kesho kutwa. Omtatah aliripoti kwamba alizuiwa kuifikisha amri hiyo katika ofisi za Mamlaka ya Mawasiliano, chombo kinachotoa leseni za utangazaji, Waiyaki Way. NTV na KTN News zilirudi Jumatatu, tarehe 5 Februari. Citizen na Inooro zilisubiri hadi Alhamisi, tarehe 8. Kuanzia giza la kwanza hadi picha ya mwisho kurudi, ni siku kumi ukihesabu na siku zote mbili za pembeni.

Safari ya mawimbi hadi Limuru

Ili kuelewa ni kwa nini mashirika matatu yanayoshindana yaliweza kuzimwa kwa pamoja asubuhi moja, ni lazima turudi nyuma hadi kwenye mzozo wa kuhama kutoka analojia kwenda dijitali. Katika mfumo wa zamani, kila kituo kilikuwa na mnara wake na masafa yake, na anayetaka kukizima alilazimika kukifuata. Mfumo mpya ulitenganisha anayetengeneza kipindi na anayekisambaza. Leseni za kusambaza zilipotolewa, zilikwenda kwa kampuni tanzu ya KBC, yaani Signet, na kwa kampuni ya Kichina ya Pan African Network Group. Mashirika matatu makubwa ya binafsi, Nation (yenye NTV), Standard (yenye KTN) na Royal Media (yenye Citizen na Inooro), yalijikuta yakitakiwa kupitisha matangazo yao kwenye mabomba ya mtu mwingine, na yakaenda mahakamani.

Tarehe 29 Septemba 2014 Mahakama ya Juu iliagiza kwamba maombi ya mashirika hayo ya kupewa leseni ya usambazaji yatazamwe upya. Leseni ikapatikana, na kampuni yao ya pamoja, Africa Digital Network, ikazaliwa. Mvutano haukuishia hapo: Februari 2015 vituo hivyo vilizimwa katika purukushani za kufunga analojia, na vikakaa nje ya hewa hadi mapema Machi. Wengi waliuona mzozo huo kama ugomvi wa matajiri kuhusu biashara ya ving'amuzi, na sikatai kwamba pesa nyingi zilikuwa mezani. Hata hivyo, hoja yao kwamba anayemiliki bomba ndiye anayeamua maji yatiririke au yasitiririke ilikuwa hoja ya uhuru wa habari.

Kinachonisikitisha ni kwamba ushindi wao uliwaweka pamoja chumba kimoja. Walipata mtambo wao wenyewe, usio wa serikali wala wa Wachina, na kwa kuwa ulikuwa mmoja na wa wote watatu, mtu aliyefika Limuru na amri mdomoni alihitaji kuzungumza na fundi mmoja wa zamu. Washindani ambao kwa miaka mingi walikuwa wakinyang'anyana watangazaji na matangazo ya biashara walitoweka kwa mkupuo. Mwanafunzi wa udhibiti anayesoma maudhui peke yake, akihesabu maneno yaliyokatwa na picha zilizofichwa, hataona chochote katika kisa hiki, kwa kuwa kilichokatazwa kilikuwa bado hakijasemwa. Odinga hakuwa amefika uwanjani. Hapakuwa na sentensi ya kulaumiwa. Mahali pa kutazama ni kwenye umeme, nyaya, leseni na mlango wa chumba cha mitambo.

Giza hilo pia halikuwaangukia watu wote sawasawa. Vituo viliendelea kurusha matangazo YouTube na Facebook, na pale kwa kinyozi mteja mmoja aliegemeza simu yake kwenye chupa ya spiriti, tukasogea wote na vitambaa vyetu shingoni. Picha ilikuwa ndogo na sauti ilitangulia midomo. Tuliona majukwaa, tukaona watu juu ya miti, kisha bando likaisha. “Nani ana mia?” aliuliza mwenye simu, na tukatazamana. Ofisini Upper Hill, penye intaneti isiyopimwa, tukio lilitazamwa hadi mwisho. Mzee wa kijijini mwenye antena na king'amuzi cha bure hakuwa na njia ya kuchepukia. Uzimaji wa mitambo katika zama za simu haumfungi mdomo anayesema. Unapandisha bei ya kusikia, na bei hiyo humuumiza zaidi asiyeweza kuilipa.

Sheria ilisemaje

Katiba ya 2010 haina kigugumizi katika jambo hili. Ibara ya 34(2) inaikataza Serikali kudhibiti au kuingilia kazi ya mtu yeyote anayejihusisha na utangazaji, na inaikataza kumwadhibu mtu kwa sababu ya maoni au maudhui ya matangazo. Ibara ya 34(3) inakubali leseni, lakini kwa masharti mawili: ziwe za lazima kwa ajili ya kusimamia mawimbi na usambazaji wake, na utoaji wake usiwe chini ya mkono wa serikali, wa wanasiasa wala wa wafanyabiashara. Mamlaka ya Mawasiliano, kwa umbo lake la sasa, ilitokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 2013 yaliyokusudiwa kutimiza matakwa hayo. Mwaka huohuo sheria nyingine ililiunda upya Baraza la Vyombo vya Habari ili lisimamie viwango vya uanahabari.

Uhuru huo una mipaka. Ibara ya 33(2) inaondoa katika ulinzi wa Katiba propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki, na Ibara ya 24 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa sheria, kwa kiwango kinachostahili, na pale tu ambapo hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile. Katika mihadhara yangu mjadala mara nyingi hukimbilia ibara hizo mbili, kwa kuwa zinavutia: je, kuonyesha kiapo ni uchochezi?

Nadhani ibara yenye uzito zaidi katika kisa hiki ni ile ambayo wanafunzi huisahau, ya 47. Inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na vyombo vya utawala, na ibara ndogo ya pili inaongeza kwamba, iwapo haki au uhuru wa mtu umeathiriwa au unaelekea kuathiriwa na uamuzi wa kiutawala, mtu huyo ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi. Waandishi wa Katiba yetu, ambao wengi wao waliishi zama za amri za simu na za “kutoka juu”, walijua kwa nini waliliweka neno hilo. Sababu iliyoandikwa inaweza kusomwa, kupimwa, kukatiwa rufaa na kukanushwa. Sababu iliyotamkwa na waziri mbele ya vipaza sauti siku moja baada ya tendo inaweza kubadilika kesho yake, na hata ikibaki vilevile, haimwambii jaji ni nani hasa aliyetenda.

Hapo ndipo kiambishi cha kinyozi kinapogeuka kuwa kitendawili cha kisheria. Aliyezungumza ni Waziri wa Usalama wa Ndani, ambaye si mtoaji wa leseni za utangazaji. Mtoaji wa leseni ni Mamlaka, nayo haikujitokeza kwa umma na kueleza ni sharti gani la leseni lililovunjwa. Ikiwa aliyezima ni Mamlaka, basi ilipaswa kutoa ilani, kusikiliza upande wa pili na kuandika sababu. Ikiwa ni waziri, basi Mamlaka ilikuwa imeacha mlango wazi, na uhuru wake kutoka kwa serikali ulibaki kwenye karatasi za Bunge. Majibu yote mawili ni mabaya, na manufaa ya kutoandika ni kwamba hukulazimika kuchagua mojawapo.

Hoja ya upande wa pili

Itakuwa ni kukosa haki kuifanya serikali ionekane kana kwamba haikuwa na hofu yoyote ya kweli. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100, na tume iliyozichunguza iliwanyooshea vidole watangazaji wa baadhi ya redio za lugha za mama. Mtangazaji mmoja alifikishwa hadi Hague, ingawa kesi yake ilifungwa mwaka 2016 bila hukumu ya hatia. Yeyote aliyeishi Nairobi Januari ya 2008, akasikia mabati yakigongwa usiku na kuona moshi ukipanda upande wa Kibera na Mathare, anajua kwamba maneno ya hewani yanaweza kubeba petroli. Afisa wa usalama mwaka 2018, akiwa na maoni ya Mwanasheria Mkuu kwamba tukio lenyewe ni uhaini, angeweza kujiuliza kwa dhati kama anapaswa kuruhusu lirushwe katika kila sebule.

Swali hilo nalichukulia kwa uzito, na bado naona kwamba jibu lililotolewa halikulingana nalo. Kama hofu ilikuwa matangazo ya kiapo cha saa chache, uzimaji wa siku kumi ulikuwa wa nini? Siku tisa zilizofuata vituo vile vingeonyesha taarifa za hali ya hewa, mpira, ibada na vipindi vya watoto. Giza lililoendelea baada ya uwanja kufagiliwa halikuwa kinga tena. Lilikuwa adhabu, na adhabu kwa sababu ya maudhui ndiyo hasa iliyokatazwa na Ibara ya 34(2). Zaidi ya hayo, amri ya Mahakama Kuu ilipotolewa na kupuuzwa, suala halikuwa tena la vyombo vya habari peke yake. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Machi, Kenyatta na Odinga walisimama kwenye ngazi za Harambee House wakapeana mikono, tukio ambalo vituo vyote vililionyesha bila kukatizwa.

Wadhibiti waliokuwa wakitia saini

Nairobi ina historia ndefu ya kupiga marufuku, na si yote iliyofanywa gizani. Jarida la Beyond, lililokuwa likichapishwa na Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilipigwa marufuku mwaka 1988 baada ya kufichua udanganyifu katika uchaguzi wa mlolongo, ambapo wapigakura walipanga foleni nyuma ya wagombea. Marufuku ile ilitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ulikuwa uonevu, na mhariri wake alifungwa kwa kisingizio cha kutowasilisha hesabu za mauzo. Lakini mtafiti wa leo anaweza kwenda maktabani, akaomba kitabu kikubwa chenye vumbi cha mwaka huo, akafungua ukurasa na kuweka kidole juu ya jina la aliyetia saini. Utawala wa chama kimoja ulijiamini kiasi cha kuchapisha dhuluma zake na kuziuza kwa bei ya Mpiga Chapa wa Serikali.

Mtindo ulianza kubadilika kadiri sheria zilivyowalinda zaidi wanahabari. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia ofisi za kundi la Standard na kiwanda chake cha uchapaji katika Eneo la Viwanda, wakachoma magazeti na kuizima KTN kwa saa kadhaa. Waziri wa usalama wakati huo, hayati John Michuki, alisema kwamba ukimchokoza nyoka uwe tayari kuumwa. Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa, wizara hiyohiyo ilisimamisha matangazo ya moja kwa moja. Ninaziona hatua hizo kama ngazi: kutoka saini katika Gazeti Rasmi, hadi barakoa usoni, hadi mwaka 2018 ambapo hata barakoa haikuhitajika kwa kuwa hakuna aliyekuwa akitazama mlango wa Limuru. Kadiri Katiba ilivyozidi kudai sababu za maandishi, ndivyo maandishi yalivyozidi kutoweka.

Barua ya mwaka 2025

Kisa cha 2018 kingebaki bila kipimo kama kisingerudiwa. Jumatano ya tarehe 25 Juni 2025, vijana walipojitokeza kuadhimisha mwaka mmoja tangu maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2024 yaliyofika hadi ndani ya Bunge, Mamlaka ya Mawasiliano iliviagiza vituo vyote vya runinga na redio visitishe mara moja kurusha maandamano hayo moja kwa moja. NTV na KTN ni miongoni mwa vilivyokatwa mawimbi. Mara hii, hata hivyo, kulikuwa na barua: yenye nembo, tarehe, kichwa cha habari na saini ya mkurugenzi mkuu, na ilizunguka WhatsApp kabla wahariri wengi hawajamaliza chai ya mchana.

Kwa mwalimu, barua hiyo ni zawadi, kwa kuwa inasomeka. Ilitaja Ibara za 33(2) na 34(1) pamoja na kifungu cha sheria ya mawasiliano ya 1998. Ukiisoma taratibu unaona hoja yake ikifichuka: kwamba kamera inayoonyesha maandamano wakati yakitokea ni sawa na matamshi ya uchochezi ambayo Katiba haiyalindi, hata kabla kamera hiyo haijaonyesha kitu mahususi. Ni hoja dhaifu, na ni udhaifu unaoweza kuoneshwa kwa kidole, mstari kwa mstari. Wahariri walijibu siku ileile wakikumbusha kwamba Novemba 2024 Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kuwa viwango vya maudhui ya habari si kazi ya Mamlaka bali ni ya Baraza la Vyombo vya Habari. Siku hiyohiyo Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo na kuamuru mawimbi yarudishwe, na yakarudi.

Siku moja badala ya siku kumi. Ningependa kusema kwamba tofauti hiyo imeletwa na ukomavu wa taasisi, lakini siamini hivyo kikamilifu; mazingira ya kisiasa yalikuwa tofauti, na simu mikononi mwa waandamanaji ziliufanya uzimaji wenyewe uwe wa aibu zaidi kuliko wa manufaa. Ninachoamini ni kwamba barua ilifupisha kazi ya mahakama. Wakili hakulazimika kuthibitisha kwanza kwamba kuna uamuzi, ni wa nani, na umetolewa chini ya sheria ipi. Aliuambatisha kwenye kiapo chake kama kielelezo, na jaji akawa na kitu cha kusimamisha.

Mwanafunzi mmoja, binti makini anayeketi karibu na dirisha, aliniuliza muhula uliopita: “Mwalimu, kwa hiyo watu wa Mamlaka wamejifunza nini? Wasiandike tena?” Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwonyesha faili ninalopitisha darasani kila mwaka. Lina nakala ya tangazo la 1988 la Gazeti Rasmi, ukurasa mmoja, na nakala ya barua ya Juni 2025, ukurasa mmoja pia. Katikati, chini ya kichwa “30 Januari 2018”, kuna taarifa ya wahariri, vipande vya magazeti na amri ya Jaji Mwita ya kusimamisha tendo ambalo lenyewe halina karatasi. Aliyapekua yote, akarudi mwanzo wa sehemu hiyo, akauliza kama kuna ukurasa uliodondoka.

Nilimwambia haujadondoka, aendelee kusoma.